Kufumua waya na kubadili betri kwenye mashua ndogo ya tanga, hatua kwa hatua

Wakuu, mtu mwenye mashua ya tanga ya futi 24 mpaka 30 hivi, iwe ya mbao iwe ya faiba, akiona taa zinafifia au pampu inazunguka kivivu kitu cha kwanza anachofikiria ni betri. Anaenda dukani anachukua N100 mpya, ile betri kubwa ya gari, anaifunga, siku za mwanzo raha mustarehe, baada ya wiki kadhaa mambo yanarudi palepale. Hii naiona sana huku pwani, Tanga, Pangani, Unguja, hata kwa wenzetu wa Kilifi na Lamu, betri inapewa lawama ya bure wakati ugonjwa uko kwenye waya na viungo vyake. Chumvi inakula shaba kimyakimya ndani ya ganda na wewe nje unaona waya mzima kabisa. Kwa hiyo hapa naanza na waya, betri tutaifikia mbele, na nakuomba usiruke hata kama betri ndiyo iliyokuleta.

Naongelea umeme wa volti 12 peke yake. Kama una inveta kubwa inayotoa volti 230 au unavuta umeme wa nchi kavu ukiwa gatini, hiyo tafuta fundi aliyesomea, umeme ule ukikutana na maji ya chumvi hauna msamaha.

Wakati mzuri wa kazi hii ni chombo kikiwa juu, pale mnapokipandisha kukalafati (kuziba mianya ya mbao) na kupaka shahamu, sababu utahitaji siku kadhaa mfululizo, kila kitu kimezimwa na ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo maji yanakokusanyika, imekauka.

HATUA YA 1: PIMA KABLA HUJAKATA KITU

Tafuta mita ya kupimia umeme, ya kawaida tu ya dijitali. Acha betri itulie masaa kadhaa bila kuchajiwa na bila kutumika, kisha pima kwenye vichwa vyake. Betri ya risasi, ile ya maji au AGM (iliyozibwa, haiongezwi maji), ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, chini ya 12 ishakwisha na kila siku unayoiacha hivyo inazidi kufa.

Sasa washa kitu kimoja, tuseme pampu ya ngama, na ikiwa inazunguka pima sehemu mbili, kwanza kwenye vichwa vya betri alafu kwenye waya unapoingia kwenye pampu yenyewe. Betri inasoma 12.5 na pampu inasoma 10.8? Basi volti 1.7 zimepotea njiani, zimegeuka joto kwenye viungo na waya uliooza, na pampu hiyo hata uifungie betri ya lori haitasukuma maji inavyotakiwa. Rudi nyuma kiungo kwa kiungo ukipima, utaona namba inaruka mahali fulani, hapo ndipo penye shida.

Ukifika hapo kata waya sentimita kumi kutoka kwenye kiungo, menya ganda uangalie nyuzi. Shaba nzima inang'aa, rangi yake ile nyekundunyekundu. Ukikuta nyuzi nyeusi, au ule unga wa kijani unaobaki kwenye vidole, kata tena sentimita kumi nyingine, menya, angalia. Mara nyingi weusi unaenda nusu mita, mita nzima, sababu maji yanafyonzwa ndani ya ganda kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Waya wa namna hiyo hauponi, usijaribu kuukwangua na msasa ukaunganisha upya, toa wote.

HATUA YA 2: ANDIKA KILA KINACHOKULA UMEME

Chukua karatasi. Kila kifaa andika kinakula ampea ngapi na kinawaka masaa mangapi kwa siku, zidisha, unapata ampea-saa yaani AH. Ukiona kifaa kimeandikwa wati tu, gawa kwa 12.

Mfano wa mashua ya kutembeza wageni ambayo saa ingine inalala nje: taa ya nanga ya LED robo ampea kwa masaa 12 ni AH 3, taa za ndani kama AH 4, redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) ikisikiliza tu siku nzima AH 5 hivi (ukibonyeza kuongea kwa wati 25 inavuta ampea 5 mpaka 6 lakini ni sekunde chache), GPS AH 6, simu za watu AH 6, pampu AH 2. Jumla kama 26 kwa siku. Ukiongeza friji ndogo ya kompresa, kwa joto letu hili, weka 35 au 40 nyingine juu yake, na ndio maana nasema friji ndio inayoamua mfumo wako wote, bila friji mambo ni mepesi sana.

Kabla hujanunua chochote toa balbu zote za zamani. Balbu ya wati 25 juu ya mlingoti inakula ampea 2, usiku mmoja wa masaa 12 ni AH 25, yaani taa moja inakula sawa na mashua nzima ya mfano wetu. LED inakula moja ya kumi ya hapo. Lakini LED nyingine za bei poa zinatoa kelele kwenye redio, unazima taa unasikia mawasiliano, unawasha taa unasikia mchakacho mtupu au husikii kabisa. Jaribu hivi: washa VHF, punguza skwelchi (kile kirekebisho cha kukata kelele) mpaka kelele ianze kutoka, alafu ipandishe kidogo mpaka ikatike, acha hapohapo kisha washa taa moja moja. Taa ikiwashwa na kelele ikarudi, hiyo taa irudishe dukani, chaneli 16, ile ya dharura, ina thamani kuliko taa.

HATUA YA 3: WAYA GANI NA UNENE GANI

Waya wa nyumba ule mgumu wenye uzi mmoja usiutie kwenye chombo, mtikisiko wa mawimbi unaukata. Unataka waya laini wa nyuzi nyingi, na ukipata uliopakwa bati kila uzi, yaani shaba yake inaonekana nyeupe kama fedha, huo ndio wa baharini na unadumu miaka mingi kuliko shaba tupu. Ni ghali, ndiyo. Kama mfuko haufiki, weka wa bati kwenye pampu, redio na taa za mlingoti, penye maji na usalama, na waya wa shaba mzuri wa kawaida tumia ndani pakavu.

Jihadhari na waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, umejaa madukani na unauzwa kama shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona ndani mweupe na waya wenyewe ni mwepesi mkononi na bei yake ni ya kuvutia kupita kiasi, acha hapohapo. Usichanganye na ule wa bati: wa bati ukiukwangua unakuta shaba nyekundu ndani, huu wa aluminiamu nje ni mwekundu ndani mweupe. Aluminiamu na maji ya chumvi haziishi pamoja, kiungo kinageuka unga.

Unene unaamuliwa na ampea na urefu, na urefu ni wa kwenda NA kurudi, hapa wengi wanakosea. Hesabu ni rahisi: urefu wote kwa mita, mara 0.0175, gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba, mara ampea. Jibu ni volti zinazopotea. Redio iko mita 4 kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi 8, inavuta ampea 5. Kwa waya wa 1.5 unapoteza kama volti 0.47, karibu asilimia 4. Kwa waya wa 2.5 unapoteza 0.28, asilimia 2 na kidogo. Kanuni inayotumika sana kwenye boti ni kwamba vitu vya usalama, yaani redio, pampu na taa za njiani, visipoteze zaidi ya asilimia 3, na vitu vingine kama taa za ndani ruksa mpaka 10. Kwa hiyo redio hapo inataka 2.5. Taa ya LED juu ya mlingoti hata 1.0 ingetosha kwa hesabu, lakini mimi naweka 1.5 sababu waya mwembamba unakatika ukivutwa.

HATUA YA 4: CHORA, ALAFU FYUZI UIWEKE MAHALI PAKE

Mchoro hauhitaji uwe fundi wa kuchora. Kutoka kichwa cha chanya cha betri unaenda kwenye fyuzi kubwa, kutoka hapo swichi kuu, kutoka swichi kuu unaenda kwenye boksi la fyuzi ndogo ambapo kila kifaa kina fyuzi yake na swichi yake. Upande wa hasi, waya zote zinarudi kwenye baa moja ya shaba yenye skrubu nyingi, na baa hiyo inaenda kwenye betri kwa kebo moja nene. Ukiona kichwa cha betri kimebeba waya sita zimerundikwa juu ya bolti moja, ujue hapo ndipo shida za mashua nyingi zinapoanzia.

Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri, sentimita 18 ndio mwisho. Sababu yake ni kwamba fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Kipande cha kebo kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kikisuguana na kitu cha chuma au kikabanwa ganda likapasuka, betri inamwaga mamia ya ampea papo hapo na moto unaanza sehemu ambayo huwezi kuifikia, na wewe uko baharini. Kwa hiyo kifupishe. Kwa waya za ndani, wa 1.5 usizidishe fyuzi ya ampea 10, wa 2.5 usizidishe ampea 15, na kama kitabu cha kifaa kinataka fyuzi ndogo zaidi fuata kitabu. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, na usifunge waya badala yake, tafuta kilichoikata.

Pampu ya ngama pekee ndiyo haipiti kwenye swichi kuu. Inatoka kwenye betri moja kwa moja ikiwa na fyuzi yake na kile kiboya kinachoiwasha maji yakipanda, ili ukizima kila kitu ukaenda nyumbani, mvua ya masika ikinyesha usiku mashua ijifue maji yenyewe.

HATUA YA 5: KUTOA WAYA ZA ZAMANI NA KUPITISHA MPYA

Kabla ya kuvuta waya wa zamani funga kamba nyembamba ngumu kwenye ncha yake, ukivuta waya kamba inabaki ndani na ndiyo itakayovutia mpya. Hii inaokoa masaa, hasa ndani ya mlingoti wa aluminiamu au nyuma ya mbao zilizopigiliwa. Kila waya mpya uandike jina ncha zote mbili kabla haujaingia.

Pitisha juu uwezavyo, mbali na ngama, na ushike kwa kibanio kila sentimita 45 usining'inie. Waya unapoingia kwenye kifaa uache ulegee kidogo chini ya tundu, yaani ushuke kwanza alafu upande kuingia, maji yanayotiririka juu ya waya yadondokee hapo chini badala ya kufuata waya mpaka ndani ya swichi. Usitoboe mataruma (mbavu za mashua) ovyo ili kupitisha waya, zunguka.

Karibu na dira kuwa makini sana. Waya wenye umeme wa DC (huu wa betri) unapita karibu na dira unaivuta sindano, na usiku ukiwasha taa ya dira yenyewe unaweza ukawa unashika njia isiyo sahihi bila kujua. Dawa yake ni kuzisokota zile waya mbili, chanya na hasi, kama kamba kwa urefu wote unaopita karibu na dira, nguvu zao zinauana. Alafu thibitisha: shika dira kwa macho, mtu mwingine awashe na kuzima kila kitu, sindano isitikisike.

Chini ya mlingoti ndipo viungo vingi vinapofia. Zile plagi za kuchomeka juu ya sitaha zinakunywa maji hata zikiwa na mpira, bora waya zishuke ndani kupitia kibomba kilichopindwa kichwa chini na kiungo kikae ndani pakavu. Kwenye mashua ya tanga la foromali (ule mti unaobeba tanga) taa ya juu iweke pale ambapo henza, kamba ya kupandishia tanga, haitaisugua wakati wa kutweka. Na taa za pembeni, nyekundu kushoto na kijani kulia, ziangalie tanga likiwa limejaa upepo lisizifunike. Taa moja ya rangi tatu juu ya mlingoti inaruhusiwa kwa chombo cha tanga chini ya mita 20, lakini ukiwasha mashine (injini) unatakiwa uizime na utumie taa za chini pamoja na taa nyeupe ya mbele, kwa hiyo zipe swichi mbili tofauti.

HATUA YA 6: VIUNGO

Hapa ndipo nataka utumie pesa na muda. Kusokota waya na kufunga tepu nyeusi hakuna nafasi kwenye chombo, gundi ya tepu inayeyuka kwa jua, inalegea, maji yanaingia. Kulehemu peke yake nako hapana, risasi inaufanya waya uwe mgumu mpaka mahali fulani na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapoukata.

Tumia vile vichwa vya kubana vya shaba iliyopakwa bati, na plaizi maalumu ya kubania ile yenye meno ambayo haiachii mpaka ibane kisawasawa. Plaizi ya kawaida inaponda kichwa haibani. Menya ganda kwa urefu wa kichwa tu usikate nyuzi hata moja, ingiza, bana, alafu uvute kwa nguvu za mkono wako, kweli uvute. Ukitoka, bora umetoka leo. Ukikaa, vaa ule mpira unaosinyaa kwa moto, chagua wenye gundi ndani, na uupashe taratibu kuzunguka pande zote mpaka uone gundi imechungulia ncha zote mbili. Gundi ikitoka hivyo kiungo kimezibwa. Kumbuka tu kuuvisha mpira kwenye waya KABLA ya kubana.

Kebo nene za betri, za milimita za mraba 25 au 35, zinahitaji mashine ya kubania ya haidroliki. Kama huna, pima urefu na uende nazo kwa fundi mwenye nayo, usizipige nyundo.

HATUA YA 7: SASA BETRI

Una AH 26 kwa siku, unataka uweze kukaa siku mbili bila jua, hiyo ni 52. Betri ya risasi usiitumie chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya AH 100 na kidogo. Lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, kwa hiyo hata ya 70 inatosha na ya 100 inakuachia nafasi. Ukisema lithiamu kwa mashua hakikisha ni LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti), usikubali seli za laptop au za pikipiki za umeme zilizopangwa upya, kemia yake ni nyingine na ikishika moto haizimiki kirahisi.

Ushauri wangu ni huu. Bila friji, na kama mfuko ni wa kawaida, chukua AGM nzuri ya kushuka chini sana (deep cycle), siyo ya gari. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, ukiishusha chini kila usiku inakufa mapema. Kama una friji au unatoka na wageni kila siku, nunua LiFePO4, ni ghali mwanzoni lakini inachajiwa na kushushwa maelfu ya mara wakati ya risasi ni mamia, na uzito ni kilo 10 mpaka 13 kwa AH 100 badala ya 25 mpaka 30, kwenye mashua ndogo unausikia.

Lakini lithiamu haiingii mahali pa betri ya risasi hivihivi tu. Inakunywa umeme bila kujizuia, kwa hiyo ukiiunga moja kwa moja na alteneta ya mashine (ile inayozalisha umeme) alteneta inachemka mpaka inaungua. Pia ndani ya lithiamu kuna BMS, kifaa kinacholinda seli zake, ambayo ikiona hatari inakata ghafla, na ikikata wakati mashine inazunguka umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu na kuchoma rektifaya na vifaa vyako. Njia salama: mashine ibaki na betri yake ndogo ya risasi ya kuwashia, na kutoka hapo weka chaja ya DC kwenda DC inayolisha lithiamu kwa kipimo. Na fyuzi kubwa ya lithiamu iwe aina ya T (Class T), sababu lithiamu ikipiga shoti mkondo wake ni mkubwa kiasi kwamba fyuzi za kawaida zinaweza zisiukate.

Usiunge sambamba betri mpya na ya zamani, wala risasi na lithiamu. Betri ifungwe kwa mikanda ndani ya boksi, ukiisukuma kwa mikono isisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Ya risasi inatoa hewa ya haidrojeni ikichajiwa, iache ipumue juu na usiweke swichi zinazopiga cheche palepale. Na isikae ngamani hata siku moja, maji ya bahari yakiingia kwenye betri ya risasi inatoka klorini, gesi ya sumu, ndani ya chumba mlicholala.

HATUA YA 8: SOLA NA CHAJA

Paneli ya wati 100 kwa jua letu, ukihesabu masaa 5 ya jua kamili na ukatoa hasara, inakupa AH 27 hivi kwa siku. Mfano wetu unakula 26, kwa hiyo iko ukingoni na masika itakuangusha, weka 150 au 200. Paneli mbili ndogo pande mbili zilizounganishwa sambamba ni bora kuliko moja kubwa, sababu kivuli cha tanga au hata cha kamba moja kinaangusha paneli nzima. Kontrola, kile kifaa cha kudhibiti chaji kati ya paneli na betri, nunua ya aina ya MPPT.

Ukifunga, unganisha betri kwanza kwenye kontrola ndipo paneli, ukifungua anza na paneli. Alafu ingia kwenye mpangilio uchague aina ya betri. AGM kama 14.4 wakati wa kujaza na 13.5 ya kushikilia, na iwe na kipimo cha joto kinachopunguza volti, kwa joto la 32 au 35 ndani ya boksi ukiichaji kama iko Ulaya unaikausha. LiFePO4 weka 14.2 mpaka 14.4, zima fidia ya joto na zima ile chaji ya kusawazisha kabisa.

HATUA YA 9: KUWASHA

Fyuzi ndogo zote ziwe nje. Unga betri, pima chanya na hasi kwenye boksi la fyuzi kuhakikisha hujageuza. Swichi za vifaa vyote zikiwa zimezimwa, weka mita kwenye ampea mfululizo na kebo ya chanya inayoingia kwenye boksi, kisha rudisha fyuzi moja moja ukiangalia mita, isome sifuri kila mara. Isiposoma sifuri kuna kitu kinavuja kwenye njia hiyo, kitafute kabla ya kuendelea. Alafu washa kifaa kimoja kimoja na urudie kipimo kile cha hatua ya 1, betri na mwisho wa waya, uandike tofauti ya kila kifaa kwenye daftari. Ndiyo namba utakazolinganisha baada ya mwaka.

Mwaga ndoo mbili za maji ngamani uone kiboya kinawasha pampu na kinazima. Paka vaselini kwenye vichwa vya betri. Usiku chukua ngalawa au dau dogo, zunguka mashua kwa mbali uangalie kila taa inaonekana upande wake na rangi yake.

Kila mwezi gusa kila kiungo kikubwa kwa mkono pampu na friji zikiwa zinafanya kazi, chenye joto kimelegea, zima swichi kuu ukibane. Mchoro wako utie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na fyuzi za akiba za kila saizi, uubandike nyuma ya mlango wa boksi la fyuzi, na muoneshe baharia wako ulipo.